Namba ya Ofisi ni Amana, si Mali ya Meza

Wazee wetu wa visiwani walituachia adabu ya hodi. Mgeni husimama nje ya mlango, hupiga hodi mara tatu, na baina ya hodi moja na nyingine huwapa wenyeji wasaa wa kujisitiri na kujibu. Akijibiwa "karibu" huingia. Akiambiwa kwamba mwenyewe hayupo, hurejea kwao bila ya kinyongo, kwa sababu amejibiwa. Jambo ambalo adabu hiyo haikulitazamia ni nyumba iliyojaa watu, sauti zao zinasikika mpaka njiani, na hodi ya mgeni haiitikiwi na hata mmoja. Nyumba ya namna hiyo ingesemwa mtaa mzima.

Simu ya ofisi ya umma ni hodi ya mwananchi aliye mbali. Tunaandika leo juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, na pengine wako watakaosema kwamba ni la mafundi tu: namna ofisi zetu zinavyosimamia simu za mezani zinazotumiwa na watu wengi kwa kupokezana, na namba za ndani zinazohama na wenyewe kutoka meza moja hadi nyingine. Sisi tunasema kwamba jambo hili si la mafundi peke yao. Ni jambo la uongozi, na ni la haki ya mwananchi kusikilizwa.

"Inalia, haipokelewi"

Miezi michache iliyopita tulikuwapo katika ofisi moja ya umma hapa mjini. Hatutaitaja kwa jina, kwa kuwa kosa tulilolishuhudia pale si lake peke yake. Akaingia mzee mmoja aliyetoka Micheweni, kanzu yake imekunjika kwa safari ya meli, na mkononi ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa namba ya simu. Shauri lake lilikuwa la mpaka wa shamba la mikarafuu, na karatasi ile alipewa na afisa aliyemsisitizia kwamba apige simu kwanza kabla ya kufunga safari.

"Nimepiga siku tatu, mwanangu," alimwambia kijana aliyekaa kwenye meza ya kwanza. "Inalia, haipokelewi. Nikasema labda mmehama."

Kijana aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma, kisha akaitazama simu iliyokuwa mbele yake. Akanyamaza kidogo.

"Mzee wangu, niwie radhi," alisema. "Imelia hapa kwangu siku zote hizo. Lakini si namba yangu."

Kijana yule hakusema uongo. Meza aliyokaa ilikuwa ya kupokezana, na simu iliyo juu yake ilikuwa ya kupokezana vile vile. Afisa mwenye shauri la mzee alikaa pale asubuhi moja, akaandika namba yake ya utumishi na namba yake ya siri katika kile chombo, na tangu dakika ile namba yake ya ndani ikahamia mezani pale, kama mtambo ulivyotengenezwa ufanye. Mchana akaitwa kwenye semina Tanzania Bara. Akaondoka bila ya kujitoa. Majuma mawili simu zake zote zikalia kwenye meza ya watu wengine, na watu hao, kila walipopiga simu kutoka pale, jina lililoonekana upande wa pili lilikuwa la afisa ambaye hayupo kisiwani.

Kilichotuuma zaidi ni jawabu lenyewe lilipopatikana. Mzee aliambiwa kwamba wapimaji wangekwenda Pemba wenyewe mwezi uliofuata, na alichotakiwa kukifanya ni kuwapo shambani kwake siku hiyo. Hayo ni maneno ya dakika moja. Yeye aliyafuata kwa nauli ya kwenda na kurudi, na kwa siku alizoacha shughuli zake, hali karafuu haimngoji mtu.

Namba ilizaliwa kwa sababu gani

Ili tulione kosa lilipo, ni vyema tukumbuke kwa nini simu zilipewa namba hapo awali. Alexander Graham Bell alipata hati ya ugunduzi wa simu mwaka 1876, na katika miaka ya mwanzo hapakuwa na namba. Mtu alimwambia opereta jina la amtakaye, na opereta, aliyewajua watu wa mji kwa majina, alimuunganisha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1879, katika mji wa Lowell huko Massachusetts, Marekani, kuliingia maradhi ya surua. Daktari mmoja, Moses Greeley Parker, alihofu kwamba maopereta wachache wa mji ule wakiugua kwa pamoja, wageni watakaoshika nafasi zao hawatamjua mtu yeyote, na simu za mji mzima zitasimama. Akashauri kila mteja apewe namba.

Mwaka huo huo wa 1879, enzi ya Sayyid Barghash, waya wa simu ya maandishi uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Jengo la kampuni zilizoendesha waya huo bado lipo Shangani, ingawa siku hizi ni hoteli.

Baada ya miaka kumi na miwili likatokea jambo la pili. Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi katika mji wa Kansas City, aliamini kwamba opereta wa pale alikuwa akizipeleka simu za wateja wake kwa mshindani wake. Badala ya kugombana na opereta, akabuni mtambo wa kuunganisha simu wenyewe bila ya mkono wa mtu, na mwaka 1891 akapata hati yake.

Tumeyaeleza haya kwa sababu yanabeba maana mbili ambazo ofisi zetu hazina budi kuzishika. Kisa cha daktari kinatufundisha kwamba namba iliwekwa ili huduma isitegemee kuwapo kwa mtu fulani. Kisa cha mfanyabiashara kinatufundisha kwamba mtambo uliwekwa ili anayepiga simu asitegemee hisani ya mtu aliye katikati. Namba ni chombo cha kudumu na ni chombo cha usawa. Basi ofisi inayoiacha namba ifuate mwendo wa mtu mmoja, ikapotea kila anapopotea yeye, imeturudisha nyuma ya mwaka 1879.

Opereta na mtambo

Wengi wetu tunaikumbuka ofisi ya zamani. Simu ilikuwa imefungwa ukutani kwa waya wa shaba, na namba ilikuwa ni ya waya ule. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, huduma hizo ziliingia mikononi mwa Shirika la Posta na Simu Tanzania, kisha mwaka 1994 TTCL ikaanza kazi baada ya shirika hilo kugawanywa, na mwaka 1999 Zantel ikaundwa hapa Zanzibar. Katika miaka yote hiyo ofisi kubwa zilikuwa na ubao wa simu chini kwenye mapokezi, na mbele ya ubao huo aliketi opereta.

Opereta yule ndiye aliyekuwa akizihamisha namba, ijapokuwa hatukumwita kwa jina hilo. Ulipiga simu ukamtaka bwana fulani, naye akakujibu: "Hayupo chumbani kwake, yuko kwa Katibu Mkuu, ngoja nikuunganishe." Au: "Amekwenda Pemba, atarudi Alhamisi, niache ujumbe gani?" Alijua kwa sababu aliwaona watu wakipita mbele yake. Ofisi nyingi zilipoleta mitambo mipya zilimhamisha opereta kwenye kazi nyingine, zikadhani kwamba mtambo umechukua nafasi yake. Mtambo umechukua kazi ya mikono yake tu. Yale aliyoyajua aliondoka nayo, kwani mtambo hujui kitu ila kile ulichoambiwa.

Na namna unavyoambiwa si fumbo. Simu za kisasa za ofisi hupitisha sauti katika mtandao wa kompyuta, na nyingi hufuata taratibu za kimataifa zilizochapishwa mwaka 2002. Kila simu hujiandikisha kwa mtambo mkuu na kusema: namba hii inapatikana hapa nilipo. Maandikisho hayo hudumu kwa muda maalumu, mara nyingi saa moja, kisha simu huyafanya upya yenyewe. Ni mfano wa daftari la mahudhurio lililopo mlangoni, isipokuwa kwamba anayetia sahihi ni chombo, wala si mtu. Chombo kinaendelea kutia sahihi hata mwenyewe akiwa amekwishavuka bahari.

Simu ya kupokezana huwa na sura mbili. Sura ya kwanza ni yake mwenyewe, yaani namba ya chumba. Sura ya pili ni ya mgeni aliyeketi. Afisa anapoingia kwa namba yake ya siri, simu huvaa namba yake ya ndani, jina lake, orodha yake ya namba za haraka, na ruhusa zake za kupiga simu za Bara au za nchi za nje. Anapojitoa, simu huvua yote hayo na kurejea kuwa simu ya chumba. Utaratibu huu una manufaa makubwa. Afisa wa Unguja aliyekwenda kikazi Chake Chake anaweza, ikiwa ofisi zote mbili zimeunganishwa katika mtambo mmoja, kuketi katika ofisi ya Afisa Mdhamini, akaingia, na mwananchi aliyempigia mjini akampata kule kule bila ya kujua kwamba bahari imevukwa. Kwa nchi ya visiwa kama yetu, hiyo ni neema.

Tatizo basi haliko katika chombo. Liko katika mlango wa kutokea. Kila mtu hukumbuka kuingia, kwa sababu bila ya kuingia hawezi kupiga simu zake. Kutoka hakumlazimishi mtu, maana anayepata hasara si yeye, ni atakayempigia.

Mambo ambayo fundi hawezi kuyaamua

Mitambo mingi humpa fundi nafasi ya kuchagua mambo fulani, na mara nyingi fundi huyaacha yalivyotoka kiwandani kwa sababu hakuna mkuu wa ofisi aliyemwambia vinginevyo. Hapo ndipo tunaposema kwamba hili ni jambo la uongozi.

La kwanza ni pale afisa anapoingia katika simu ya pili hali bado hajajitoa katika ya kwanza. Mtambo unaweza kumkatalia, unaweza kumwacha awepo kote kuwili, au unaweza kumtoa wenyewe kule alikotoka. Ofisi ikichagua kumkatalia, afisa aliyesahau kujitoa Mazizini atakuwa bubu akifika Pemba. Ikichagua kumwacha kote kuwili, namba yake italia mezani kwa watu wasiohusika. Rai yetu ni kwamba kwa maafisa wa kawaida ichaguliwe ile ya tatu: mtu ni mmoja, na simu yake iwe pale alipoingia mwisho.

La pili ni muda. Mtambo unaweza kuamrishwa umtoe kila mtu baada ya saa kadhaa, au usiku baada ya kazi. Lau ofisi ile tuliyoitaja ingeweka amri hiyo moja, kosa la afisa lingedumu mchana mmoja badala ya majuma mawili. Lakini muda huo lazima uwekwe na anayezijua zamu za kazi. Hospitali na bandari hazilali, na saa inayofaa wizarani inaweza kumkata muuguzi katikati ya zamu.

La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni simu za namba ya afisa asiyeingia mahali popote. Zinakwenda wapi? Pakiwa hapana jibu, zinakwenda kusikojulikana: mwananchi husikia mlio mpaka simu ikakatika, au huambiwa aache ujumbe katika sanduku la sauti ambalo hakuna anayelifungua. Kila namba ya ndani haina budi kuwa na pa kukimbilia, na mahali hapo pawe ni pa mtu aliye hai na aliyepangiwa kazi hiyo, kama vile mapokezi au masjala.

Liko na jambo la nne ambalo tunamwomba kila mkuu wa ofisi alisome mara mbili. Mwezi Desemba 2013, katika mji wa Marshall, jimbo la Texas, mama mmoja aitwaye Kari Hunt alishambuliwa katika chumba cha hoteli na mumewe waliyetengana. Binti yake wa miaka tisa aliichukua simu ya chumba na kupiga namba ya dharura kama alivyofundishwa. Alipiga mara nne. Simu haikutoka hata mara moja, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka kwanza ibonyezwe tisa ndipo ufungue njia ya nje, na mtoto hakulijua hilo. Mama alifariki dunia. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria inayobeba jina la mama huyo, na tangu Februari 2020 mitambo mipya ya simu nchini humo hulazimika kupitisha namba ya dharura moja kwa moja.

Na sisi tuulizane: katika ofisi zetu, mhudumu wa usafi akiona moshi alfajiri, akainua simu ya kupokezana ambayo hakuna aliyeingia ndani yake, akapiga 112, je, itatoka? Na ikitoka, polisi wataambiwa simu inatoka wapi? Kwani namba inayohama na mwenyewe inaweza kuonyesha jengo la Vuga hali mwenyewe yuko Gombani. Simu ya kupokezana lazima iweze kuita msaada hata ikiwa haina mtu, na ibandikwe karatasi inayosomeka yenye jina la jengo, ghorofa na chumba. Karatasi hiyo ni ya gharama ndogo mno.

Tusisahau pia umeme. Simu za zamani zilipata nguvu kutoka kwenye betri za kituo cha simu kupitia waya ule ule wa shaba, hivyo nyumba ilipokuwa gizani simu ilikuwa hai. Simu za mtandao hazina nguvu hiyo. Nyingi hupata umeme kwa waya wa mtandao kutoka kwenye kabati la mitambo, na kabati likizimika, simu zote huzimika nalo. Sisi wa Unguja hatuhitaji kufundishwa maana ya giza: tulikaa takriban mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kabati la mitambo bila ya betri ya akiba ni taa isiyo na mafuta. Na katika kila ofisi ibakie angalau namba moja isiyotegemea kabati hilo.

Amana na mwenye amana

Ndugu zetu maafisa wengine watatujibu kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa sababu siku hizi kila mtu ana simu ya mkononi, na mwananchi akitaka jambo anapewa namba ya afisa mwenyewe. Tunaikiri nia njema ya maafisa wanaofanya hivyo. Wengi wao hupokea simu usiku na siku za mapumziko bila ya malipo. Lakini hatuwezi kuikubali kuwa ndiyo desturi ya Serikali. Simu ya mkononi ya afisa ni mali yake. Akihamishwa huenda nayo, akistaafu huenda nayo, na akifariki huzikwa shauri la mwananchi pamoja naye. Juu ya hayo, namba hiyo hupewa anayejuana. Mtoto wa ukoo anayo, jirani anayo, bibi wa Makunduchi asiyemjua mtu mjini hana. Hapo tunakuwa tumemrudisha yule opereta wa Kansas City, na tumempa kila afisa cheo chake.

Tulipokuwa wadogo vyuoni tulifundishwa kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Na wanachama wa Chama Cha Mapinduzi tumeahidi kukiona cheo kuwa ni dhamana. Sasa mwenye namba ya ofisi ni nani? Si meza, kwani meza ni mbao. Si afisa, kwani afisa ni mpita njia. Mwenye namba ni mwananchi, ambaye kodi yake ndiyo iliyoinunua, na afisa ameshikishwa tu kwa muda wa utumishi wake. Anapohama huandika hati ya makabidhiano: funguo, mafaili, muhuri, gari. Tunataka namba ya simu iingie katika orodha hiyo hiyo, pamoja na ujumbe uliobaki ndani ya sanduku lake la sauti.

Kwa ajili hiyo, namba zigawanywe katika mafungu matatu yasiyochanganywa. Ziko namba za huduma, kama vile ardhi, mafao au leseni. Ziko namba za cheo, kama vile mkurugenzi au mhasibu mkuu. Na ziko namba za mtu binafsi ndani ya ofisi. Namba inayohama kutoka meza hadi meza iwe ni ya fungu la tatu peke yake, kwa ajili ya maafisa kutafutana wao kwa wao. Mwananchi asipewe hiyo. Mwananchi, na sheha wake, wapewe namba ya huduma, ambayo mtambo utaifanya ilie kwenye simu kadhaa kwa pamoja, au kwa zamu, mpaka apatikane wa kuipokea. Yule mzee wa Micheweni alipewa namba ya fungu lisilo lake, kwa ukarimu, na ukarimu huo ndio uliomgharimu nauli.

Haki inatutaka tumsikilize na kijana wa meza ya kwanza. Tulipomuuliza kwa nini hakuipokea simu ile, alituambia kwamba wakati mmoja aliwahi kupokea simu isiyokuwa yake, akatoa jibu, jibu likawa si sahihi, na karipio likawa lake. Tangu hapo akajifunza kuacha iliye. Hilo ni kosa la wakubwa. Ofisi inayomwadhibu anayeitika na kumsamehe anayenyamaza imejichagulia ukimya. Iwekwe kanuni iliyo wazi: anayepokea simu isiyo yake halazimiki kutoa jibu la shauri, wajibu wake ni kutaja jina la ofisi, kuandika jina, namba na haja ya aliyepiga, na kuifikisha kwa mhusika siku hiyo hiyo. Akifanya hivyo amemaliza kazi yake, na asilaumiwe.

Wala tusiwatupie vijana mzigo huu peke yao. Mara nyingi wanaopokezana meza ni wadogo wa cheo, hali chumba cha mkubwa kimefungwa kwa kufuli wiki nzima na simu yake inalia ndani kwa makabati. Mkubwa naye aamuru namba yake ifuate huduma anaposafiri. Na namba ya siri iwe ya siri kwa wote. Tumeona namba hizo zimebandikwa chini ya simu kwa karatasi ya gundi, ili mwenzake aitumie akitaka kupiga Bara. Hati ya malipo ikija, jina ni la mtu na sauti ni ya mwingine, na hapo ndipo fitina zinapoanzia kazini.

Kwa kumalizia, hatuiombi Serikali inunue mitambo mipya. Mingi ya mitambo iliyopo inaweza kuyafanya haya yote kwa kubadilisha mipangilio yake katika siku moja ya kazi ya fundi. Tunachokiomba ni kitu cha bure. Kesho asubuhi kila mkuu wa ofisi, kabla hajafungua faili la kwanza, atoke nje ya jengo lake, achukue simu yake ya mkononi, na azipige namba zote ambazo ofisi yake imewapa wananchi. Asijitaje kwamba yeye ni nani. Ahesabu milio. Ahesabu na namba ambazo hazikupokelewa, kisha apande juu akazitafute zinalia kwenye meza ya nani.

Yule mzee alirudi Pemba kwa meli ya siku iliyofuata. Kabla ya kuondoka, kijana wa meza ya kwanza alimwandikia namba nyingine nyuma ya karatasi ile ile, ya masjala. Mzee alitoka nje barazani, akaipiga kwanza. Alipojibiwa, ndipo alipoikunja karatasi na kuitia mfukoni.